Wanaume Kumi na Mmoja Walioiba Kengele Moja

Ijumaa nilistaafu. Jumatatu niliamka mapema, nikaoga, nikavaa koti, nikashuka mjini hadi mlangoni pa ofisi, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba ufunguo niliukabidhi kwa mikono yangu mwenyewe, mbele ya keki. Nyinyi mlikuwa ndani mnanitazama kupitia kioo na hakuna aliyefungua. Haya. Nimerudi nyumbani Gatitu, nimejimiminia chai, na nimeamua kuwaandikia yale ambayo sikuyasema kwenye hotuba, kwa sababu mwenyekiti wa kamati alikuwa akiangalia saa kila nikivuta pumzi.

Habari za vyeo naziruka. Nilipata kimoja tu, na kilikuja na meza isiyo na droo.

Siku yangu ya kwanza, chumba chetu cha kumbukumbu za wafanyakazi kilikuwa vyumba viwili juu ya duka la misumari na rangi. Mimi Nekesa, msichana wa Bungoma, Kikuyu sijui hata neno moja, nimeletwa Nyeri kuhifadhi historia ya vibarua wa kahawa, watu wa reli, wapasua mbao na wachuma chai wa pande hizi za mlima. Nilidhani nitakuta vitabu. Nilimkuta Mzee Gathogo, mkuu wangu, karani mstaafu wa reli, ameketi katikati ya rundo la gambuti. Nilizihesabu: ishirini na mbili, na zote za mguu wa kushoto.

"Mzee, za kulia ziko wapi?" nikauliza.

"Ziko na wenyewe," akasema bila kuinua kichwa. "Mtu wa hapa akikupatia kitu ya historia, anakupatia nusu. Hiyo ingine anaweka. Huwezi jua, labda itahitajika."

Hizo gambuti bado ziko kabati la tatu. Msizitupe. Najua mmeshazungumza.

Mzee Gathogo alikuwa mkali, mchoyo wa penseli, na alikohoa kwa sauti iliyosikika hadi dukani chini. Lakini kazi alinifundisha. Usiandike kwa kalamu ya wino karibu na karatasi kuukuu. Usimuulize mtu mwaka, muulize mvua: kahawa ilikuwa imeiva? Mahindi yalikuwa wapi? Mwezi wa saba, baridi ikishuka kutoka mlimani, betri za rekoda hulegea na kila mtu kwenye kaseti husikika kama amelewa, kwa hivyo zipashe kwapani kwanza. Nilizunguka Nyeri, Chaka hadi Nanyuki nikiwa na betri kwapani, na wachumba wawili nadhani walinikosa kwa sababu hiyo.

Kanuni yake kubwa ilikuwa moja: andika kila sauti. Mtu akikohoa, andika amekohoa. Kuku akipita, andika kuku. Kule Nanyuki kulikuwa na mfanyabiashara wa mifugo, Mzee Adan, aliyenisimulia jinsi wachungaji wake walivyogoma njiani na ng'ombe wakarudi nyumbani peke yao. Alikataa katakata kuhojiwa ila mbele ya ng'ombe. "Hawa walikuwepo," akasema. "Mimi nilikuwa hotelini." Nakala yangu ya siku ile ina kurasa tisa, na nne kati ya hizo ni ng'ombe. Mzee Gathogo aliisoma yote, akaniambia nimesahau mbuzi mmoja.

Sasa niingie kwenye kengele, maana ndiyo iliyonila miaka.

Kulikuwa na shamba la kahawa la mzungu mmoja upande wa Gatitu, siku zile kabla ya bendera kubadilika. Vibarua walimwita Kihara kwa sababu ya upara. Kengele ya shamba ilikuwa kipande cha reli, urefu wa mkono wa mtu mzima, kimening'inizwa kwenye mti karibu na ofisi, na nyapara alikigonga kwa nyundo asubuhi. Ukifika baada ya kengele, siku yako haikuandikwa kwenye tiketi yako ya kazi. Kihara akaona ujanja. Kila wiki akamwamuru nyapara agonge mapema kidogo, hata ikawa kengele inamwamsha jogoo. Akina mama wenye watoto wa kunyonya ndio walioumia zaidi.

Lakini huyo huyo Kihara alikuwa amebandika sheria kwenye mlango wa stoo: mtu yeyote asianze kazi kabla ya kengele. Alihofia watu wataingia mapema kuiba kahawa.

Basi Jumatatu moja kengele haikuwepo. Kamba ilikuwepo, mti ulikuwepo, chuma hakuna. Vibarua wote walifika, vikapu mkononi, wakaketi kwenye nyasi kwa adabu, wakingoja. Kihara akagonga sufuria. Wakamwambia, "Hiyo ni sufuria, bwana. Sheria inasema kengele." Akapiga filimbi. Wakamwambia hiyo ni filimbi. Akapiga honi ya gari lake hadi mbwa wakalia, na mzee mmoja akainuka kwa heshima, akavua kofia, akasema hiyo ni gari, bwana. Siku nne walikaa hivyo, hakuna aliyekaidi sheria hata moja, na kahawa iliyoiva ikawa inaanguka chini. Siku ya tano Kihara alikubali kengele mpya igongwe jua likichomoza, na si kabla. Nimesoma migomo mingi. Sijaona mwingine ulioshinda kwa kukaa chini na kutii.

Swali lilibaki moja: nani alichukua kile chuma? Hapo ndipo nilipochemka. Katika miaka yangu ya kwanza mitano nilirekodi wanaume kumi na mmoja walioapa kwamba ni wao. Kila mmoja peke yake. Kumi kati yao waliiba usiku, mvua ikinyesha, na saba walikutana na chui. Wote kumi walipanda mti. Mmoja aliikata kamba kwa meno, na aliponionyesha meno alikuwa nayo mawili.

Mzee Gathogo akasoma nakala zote, akavua miwani. "Nekesa," akasema, "hiyo shamba ilikuwa na kengele ngapi?"

"Moja, mzee."

"Na chui?"

Wa mwisho kuhojiwa alikuwa Ndirangu wa Wamagana, ambaye siku hizo za ujana wake alikuwa askari wa langoni pale shambani. Nilimkuta sebuleni kwake, kiti cha mbele, kifua mbele. Ilikuwa desturi yetu: ukifika nyumbani unamhoji mwenye nyumba, na mama anakwenda jikoni kupika chai. Jikoni kulikuwa ng'ambo ya ukuta wa mbao tu. Ndirangu hakuwa na chui, nikampenda kwa hilo. Alisema sentensi moja na kuirudia: "Hiyo chuma niliinua mimi, na hii mikono. Ati sikuinua? Niliinua!" Nikimuuliza aliipeleka wapi, anakohoa. Niliandika amekohoa.

Miaka ikaenda. Mzee Gathogo alifariki, Mungu amrehemu, na nikairithi meza isiyo na droo. Wale wengine kumi nao wakaenda mmoja mmoja, kila mmoja akazikwa kama aliyeiba kengele. Niliyahudhuria mazishi sita ya mwizi yule yule, na mara zote nilitoa pole kwa moyo.

Mwaka huu, mmebakiza wiki tatu kunikatia keki, kamati ikaamua kuweka jiwe la kumbukumbu pale mti ulipokuwa. Nzuri sana. Mwenyekiti akanijia: "Madam Nekesa, tunataka jina. Moja tu, jiwe ni dogo." Mnaelewa nilivyoshikwa? Kazi yangu yote ilikuwa hii, na jina litakalochongwa ndilo watoto wa shule watakalosoma, kweli au uongo. Aliyebaki hai ni Ndirangu peke yake. Nikatoa jina lake. Nilijiambia angalau hana chui. Wakampelekea habari, na nikasikia amekwisha kununua suti.

Wiki ya mwisho nilikuwa nikipitia kaseti ili niwakabidhi. Mmoja wenu, sitamtaja, aliniambia nisijisumbue, kaseti hazisikilizwi siku hizi. Nikamsumbua yeye kwanza, nikamtuma akaniletee penseli ya kuzungushia utepe, kisha nikaweka kaseti ya Ndirangu. Nakala yangu ya zamani nilikuwa nayo mbele yangu. Ndirangu anasema, "Niliinua mimi, na hii mikono." Halafu kwenye karatasi nimeandika, kwa mwandiko wangu mzuri wa ujana: kelele za jikoni.

Kwenye kaseti zilikuwa hivi. Ng'aaang'! Chuma kimegongwa. Kisha kicheko cha mwanamke. Kisha maneno ya Kikuyu, ambayo siku ile kwangu yalikuwa sawa na mvua juu ya mabati. Lakini sasa nimenunua viazi Nyeri zaidi ya miaka thelathini. Nikasikia kila neno. Alisema: "Uliinua, ndiyo. Sasa mwambie uliinua ukaweka mgongoni mwa nani."

Nikarudisha kaseti. Nikasikiliza tena. Ndirangu anarudia, "Niliinua!" na jikoni, ng'aaang'! Mara ya tatu pia. Na baada ya ile mara ya tatu inasikika sauti nyingine, nyembamba, ya msichana wa Bungoma aliyejaa umuhimu, akisema: "Mama, tafadhali, punguza kelele. Mashine inashika."

Jamani. Nilizima rekoda nikakaa. Mimi mwenyewe. Kwa mdomo wangu. Nilikuwa nimeirekodi ile kengele mara tatu, nikamnyamazisha aliyekuwa akiigonga, na nikamwandika kama kelele. Niliona haya hadi masikio yakapata moto, na hakukuwa na mtu wa kumlaumu, maana mwandiko ni wangu.

Kesho yake asubuhi nilimpigia simu fundi wa mawe. "Umefika wapi?" "Nimechonga N," akasema, "halafu nikaenda kula." Nikamwambia aendelee kula, ale hata hadi Ijumaa.

Nikaenda Wamagana. Mzee Ndirangu alinipokea mlangoni akiwa ndani ya suti, saa nne za asubuhi, siku ya kawaida. Cucu Nyaguthii, yaani Bibi Nyaguthii, mkewe, alikuwa ameinama kwenye kitalu cha sukuma wiki. Karibu miaka tisini wote wawili, na yeye ndiye aliyekuwa na jembe.

"Cucu," nikamwambia, "nimekuja kukuhoji wewe."

Akanyoosha mgongo polepole, akanitazama toka kichwani hadi kwenye begi la rekoda. "Mimi?" akasema. "Kwani mzee amekufa?"

"Niko hapa," akasema Ndirangu.

Nikamwomba msamaha pale pale kwenye sukuma. Nilimwambia nimesikia kaseti, nimesikia chuma, nimesikia na nilivyomwambia. Nilitaka kulia, nikalia kidogo. Yeye akanifuta kwa pembe ya leso yake yenye udongo, ikawa nimechafuka zaidi.

"Mbona hukusema, Cucu? Miaka yote hii?"

"Mwanangu, si ulisema ninyamaze?" akajibu. "Nikasema huyu amesoma, anajua. Nikangoja uulize."

Tukaingia ndani. Ndirangu akaelekea kwenye kiti chake cha mbele, lakini Cucu alikuwa ameshakikalia. Mzee akasimama katikati ya sebule na suti yake. "Sasa mimi nifanye nini?"

"Chai," akasema mkewe.

"Chai? Mimi?"

"Maziwa iko kwa jagi. Hiyo ingine tafuta."

Akaenda. Nikapasha betri kwapani, desturi haifi, nikawasha. Na Nyaguthii akanisimulia. Ilikuwa Jumamosi saa kumi, jua linawaka. Jumamosi wanawake waliruhusiwa kuokota matawi ya kahawa yaliyopogolewa, wakafanye kuni. Mtoto wake wa kwanza alikuwa na miezi miwili, na wiki ile tiketi yake ilikuwa imekosa siku tatu kwa sababu ya kunyonyesha. Alipita chini ya mti. Hakupanda popote.

"Ile kamba ilikuwa imefungwa hapa chini, kwa shina," akasema. "Nilifungua fundo. Chuma ikashuka yenyewe pole pole. Nikaiweka katikati ya kuni, nikafunga mzigo."

Mnaona? Wanaume kumi, mti mmoja, na hakuna aliyetaja fundo.

"Nikafika langoni, mzigo ni mzito, ukamba wa mzigo unanikata kipaji cha uso. Nikaupumzisha. Nikashindwa kuuinua tena. Askari ni huyu wangu. Nikamwambia, baba wa mtoto, si unisaidie? Akashika hivi, akasema, uuui, hii kuni ni mbichi namna gani! Akainua, akaniwekea mgongoni. Akanifungulia na lango."

Kutoka jikoni, sauti ya mzee: "Si nilisema niliinua? Nilisema uongo?"

"Alijua lini, Cucu?"

"Jumanne. Alikuja kuuliza chakula, akajikwaa." Akacheka hadi akashika mbavu. Chuma kilikuwa kando ya mafiga, kimezikwa nusu kwenye majivu, na masufuria juu yake. Watu wa Kihara walipekua nyumba zote, vitanda, choo, mizinga ya nyuki. Jikoni walichungulia mlangoni wakakohoa moshi wakaondoka. Toka siku hiyo kimehama naye nyumba tatu, na bado anakitumia. Nikamuuliza kama angetupatia tukihifadhi.

"Na sufuria niweke wapi?" akasema. "Mnaweza kupata ile nyundo ya nyapara, nayo niliibeba. Hiyo ni nusu."

Nikakumbuka gambuti. Nikamuuliza la mwisho, lile lililonipeleka: je, anakubali jina lake lichongwe kwenye jiwe, na Mzee Ndirangu na suti yake tumwambieje? Aliangalia mikono yake, akaigeuza. "Nilitaka niulizwe na mtu mmoja tu," akasema. "Hata kabla sijafa. Nimeulizwa. Lakini andikeni, andikeni. Na huyu aje na suti, ndiye atainua hiyo kitambaa ya kufunika jiwe. Kuinua anajua."

Kwa hivyo jiwe mtakaloliona pale Gatitu limeandikwa Nyaguthii, na N ya kwanza imekaa mbali kidogo na herufi nyingine. Fundi amesema ni mtindo. Ile nakala yangu ya zamani nimeifuta penseli kwenye mistari mitatu na kuandika kwa mkono usio mzuri kama ule wa ujana: Nyaguthii anapiga kengele. Mkikuta popote kwenye makabati yale nimeandika kelele za jikoni, na mtakuta, nimehesabu sehemu arobaini na moja, nawaomba msikilize upya. Sijui ni nini kiko humo. Huenda ni sufuria tu. Sikilizeni.

Nakala ya siku ile ya Wamagana nimeiacha mezani kwenu, imekamilika. Ukurasa wa mwisho utawaonyesha Cucu alivyokuwa katikati ya habari za mvua ya mwaka ule, sauti imeshuka, ananieleza alivyombeba mtoto mbele na kengele nyuma, na mimi nimeinama nisikose neno. Hapo jikoni, Mzee Ndirangu, aliyekuwa akitafuta sukari, akaangusha sufuria juu ya kile chuma. Ng'aaang'! Nyumba nzima ikaitika. Nyaguthii akainua kidole, akageukia ukuta wa mbao, na sentensi yake ndiyo ya mwisho niliyoinakili nikiwa kazini:

"Ndirangu! Punguza kelele huko. Mashine inashika."